SOMA ETIKETI KABLA YA KUMEZA



Kazini kila mtu anajua maana ya kibao. Kibao kikisema «Hatari ya kifo» mbele ya umeme, hakuna anayeingiza mkono. Lakini chupa ya vitamini ikifika nyumbani, tunaifungua na kumeza bila kusoma neno hata moja. Chupa ile nayo ina kibao chake. Ni etiketi.

«Dawa za nguvu» na «dawa za damu» zinazouzwa bila karatasi ya munganga, nyingi zinatoka ng'ambo. Zile za Ubelgiji na Ufaransa zinaandikwa «complément alimentaire». Maana yake ni nyongeza ya chakula. Si dawa ya kuponya ugonjwa.

Kwa nini mwenye kiwanda anaandika?

Kwa sababu sheria inamlazimisha. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2002 inamtaka aandike vitu vilivyomo na kiasi chake, kipimo cha siku moja, onyo la kutopita kipimo hicho, na onyo la kuweka chupa mbali na watoto. Aandike pia kwamba nyongeza haishiki nafasi ya chakula. Tena anakatazwa kusema kwamba inaponya ugonjwa.

Huko Marekani, sheria ya mwaka 1994 inamruhusu kuuza nyongeza bila Serikali kuipima kwanza. Mzigo wa kuhakikisha kwamba haina hatari ni wake mwenyewe. Tangu mwisho wa mwaka 2007, etiketi ya huko lazima iwe na anwani au namba ya simu, ili aliyeumia apate kutoa habari. Habari ikiwa ya madhara makubwa, mwenye kiwanda ana siku 15 za kazi kuifikisha kwa Serikali.

Iko sababu nyingine. Tangu sheria ya mwaka 1985, huko Ulaya mwenye kutengeneza kitu chenye kasoro kinachomwumiza mtu anapaswa kulipa. Kukosa onyo kunaweza kuhesabiwa kuwa kasoro. Basi etiketi ni ngao ya watu wawili. Inakulinda wewe usiumie, na inamlinda yeye pia: akiisha kukuonya wazi, na wewe ukapita kipimo, atasema mbele ya mwamuzi, «Nilimwambia.»

Sasa fikiri juu ya vidonge vinavyomwagwa katika mfuko wa plastiki na kuuzwa kwa kuhesabu. Hakuna kipimo, hakuna tarehe, hakuna jina la kiwanda. Ukiumia, utamwuliza nani?

Vidonge vya chuma na mtoto

Mama mwenye mimba anapewa vidonge vya chuma kwenye dispanseri. Ni vizuri, avimeze kama alivyoambiwa. Lakini vidonge hivyo vina rangi nzuri, na mtoto anadhani ni bonbon. Kidonge kimoja cha kawaida cha miligramu 200 kina karibu miligramu 65 za chuma chenyewe. Kwa mtoto wa kilo 10, vidonge 3 au 4 vinaweza kumwumiza. Vidonge 10 vinaweza kumwua.

Tena sumu hii ina hila. Kwanza mtoto anatapika na kuhara, mara nyingine na damu. Halafu, baada ya saa chache, anaonekana amepona na pengine anataka kucheza. Wazazi wanashukuru na kubaki nyumbani. Kumbe chuma kinaendelea kuharibu ini na moyo. Kesho yake anaanguka. Kwa hiyo usingoje: peleka mtoto lupitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe, ili munganga asome alichomeza.

Mwaka 1997 Serikali ya Marekani ililazimisha viwanda kuandika onyo hilo juu ya chupa za chuma, kwa kuwa chuma kilikuwa sababu kubwa ya vifo vya sumu kwa watoto wa chini ya miaka 6. Lakini onyo haliwezi kupandisha chupa juu ya kabati. Hiyo ni kazi yako.

Basi ufanye hivi:

1. Usinunue chupa isiyo na etiketi, wala vidonge vya mfukoni.
2. Tafuta jina na anwani ya kiwanda, namba ya «lot», na tarehe ya mwisho.
3. «Ne pas dépasser la dose» maana yake: usipite kipimo. Vidonge viwili havileti nguvu mara mbili. Vitamini A ikizidi inaweza kuharibu mtoto tumboni.
4. «Tenir hors de portée des enfants» maana yake: weka mahali mtoto hafiki. Ukibadilisha chupa, umetupa onyo.
5. Etiketi ikiahidi kuponya kila ugonjwa, rudisha chupa.
6. Usipofahamu maneno, leta chupa kwenye dispanseri. Tutakusomea.

Na ukiona damu imepungua, pima kwanza. Malaria na minyoo vinakula damu, na hakuna siro ya nguvu inayoviua. Franga za chupa moja zinaweza kutia maharagwe, sombe na ndakala kando ya bukari ya watoto wako.

Leo, ukirudi kutoka kazini, tazama chupa zilizo nyumbani. Soma kila moja.