Kuvuka Kalahari kwa Baiskeli: Mzigo Mkubwa ni Maji

Wengi wanaopanga kwenda kusini kwa baiskeli huanza na maswali ya gia na uzito wa fremu. Mimi huwarudisha kwenye maji: utayapata wapi, utabeba kiasi gani, na je, gurudumu la nyuma litayastahimili?

Anayetoka Tanzania akaingia Zambia kupitia Tunduma hauoni ugumu huo mapema. Kutoka mpakani hadi Lusaka ni karibu km 1,000, lakini vijiji vinafuatana, visima vya pampu havikosekani, na fundi baiskeli utamkuta chini ya mti na solusheni yake. Lita tatu zinakufikisha pa kujazia tena. Mambo hubadilika Kazungula, mpakani mwa Zambia na Botswana. Daraja la pale lina urefu wa mita 923, limepinda juu ya mto Zambezi ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe, na tangu Mei 2021 ndilo lililochukua nafasi ya pantoni. Ukishuka upande wa Botswana unakuta lami nzuri, njia imenyooka, na watu wamepungua ghafla. Hadi Nata ni km 300 hivi. Pandamatenga, penye mashamba makubwa ya mtama, pako km 100 kutoka Kazungula. Mbele yake zinabaki km 200. Kambi chache za watalii zipo njiani, ila usiyategemeze maisha yako kwenye bomba usilolijua.

Piga hesabu. Mwenye mzigo huenda km 80 hadi 100 kwa siku, upepo ukimruhusu. Juani jasho linaweza kufika lita moja kwa saa. Ukiongeza ya kupikia na kunawa, lita 10 kwa siku si anasa. Siku mbili ni kilo 20 za maji, juu ya hema, chakula na nguo.

Uzito huo huelemea gurudumu la nyuma, na hapo ndipo safari nyingi hukwama. Spoku haikatiki kwa sababu ya shimo moja baya. Kila gurudumu linapozunguka, spoku iliyo chini hulegea kidogo kisha hukaza tena, mara mamia kwa kila kilomita. Ikiwa imekazwa sawasawa, chuma huvumilia. Ikiwa imelegea, hujikunja pale penye kikonyo, inapoingia kwenye habu, hadi inachoka na kukatika. Zinazokatika zaidi ni za upande wa gia, ambako huwezi kubadilisha spoku bila kufungua gia zenyewe. Kwa hiyo tafuta rimu ya spoku 36, fundi azikaze kwa mkono wenye subira, na ubebe spoku za akiba za vipimo vya pande zote mbili pamoja na kifungulio cha gia. Mimi huzifunga kwa utepe kwenye fremu, pasipogongwa na kitu. Maji nayo yasirundikwe yote kwenye keria ya nyuma. Gawa, sehemu ikae mbele na chini.

Joto linakwambia uondoke gizani. Tembo wanakwambia usubiri. Botswana ina takriban tembo 130,000, wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na kati ya Kazungula na Nata wanavuka barabara wanavyotaka, hasa alfajiri na jioni wanapofuata maji. Hapa nasimama upande wa tembo: usiendeshe kabla jua halijapanda vya kutosha kuona vichakani, na pumzika saa sita mchana kivulini. Ukimwona tembo karibu na lami, simama mbali. Akikawia, subiri lori, umwombe dereva aende polepole nawe upite ubavuni, lori likiwa kati yako na mnyama. Madereva wa njia ile wanalifahamu ombi hilo.

Kunywa tu hakutoshi. Anayekunywa maji matupu kwa wingi huku jasho linamwaga chumvi huanza kuumwa kichwa, kichefuchefu, kisha kuchanganyikiwa. Akidhani ni kiu, anaongeza maji, na hali inazidi. Chumvi hiyo hurudishwa na pakiti za ORS za duka la dawa, nazo zina uzito mdogo mno kuachwa nyumbani.

Ukiendelea hadi Namibia, nayo ina adha yake. Kutoka Walvis Bay hadi Solitaire ni zaidi ya km 200 za changarawe, zenye mawimbi kama bati, bila duka. Tairi ya mm 50 au zaidi, iliyopunguzwa upepo kiasi, huokoa mikono, rimu na spoku. Usiku, inyanyue baiskeli hadi kwenye hema badala ya kuisukuma, maana mbigiri hujaa kandokando ya barabara na asubuhi unaweza kukuta tyubu zote mbili zimelala. Mwiba uchomoe kwenye tairi kabla ya kuweka kiraka. Kidole kikipapasa ndani, polepole, kitauona.

Majira nayo yana uzito wake. Oktoba ni tanuri, na mvua kubwa huja kati ya Novemba na Machi. Panga kuvuka Kazungula kati ya Mei na Agosti, ukiwa na blanketi au mfuko mzito wa kulalia, kwa kuwa joto la usiku wa Julai huko Kalahari linaweza kushuka hadi chini ya nyuzi sifuri. Na kabla ya kuondoka Lusaka, mpelekee fundi gurudumu la nyuma, umwombe aguse kila spoku.