Kusema kwa pamoja si kukatana maneno: albamu Money Jungle na wasikilizaji wake

Wanaoandika juu ya jazz hupenda kusema kwamba wanamuziki "wanazungumza". Sisi tunaosoma isimu tuna haki ya kuuliza: wanazungumza namna gani? Nani anashika zamu, nani anaitikia, nani anamkata mwenzake maneno? Katika makala hii tunalichunguza swali hilo kwa albamu moja, Money Jungle ya Duke Ellington, Charles Mingus na Max Roach, kwa sababu wasikilizaji wake waligawanyika hasa juu ya jambo hilo.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Kwetu Kongo, jazz hukumbusha OK Jazz na African Jazz, yaani orkestra za rumba. Hapa tunasema juu ya jazz ya Marekani, na kundi la watu watatu tu: mpiga piano, mpiga besi kubwa ya kusimama na mpiga ngoma. Kwa kawaida piano inaongoza, besi inashika sauti za chini, ngoma zinatunza mwendo. Vyombo vyote vinalia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo "zamu" katika muziki haina maana kwamba wengine wamenyamaza. Maana yake ni kwamba kila mmoja anajua nani yuko mbele na nani anamsindikiza.

Albamu hii ilirekodiwa studioni New York tarehe 17 Septemba 1962, ikatolewa mwaka 1963 na kampuni ya United Artists. Ellington alikuwa na miaka 63, Mingus 40, Roach 38. Mzee alikuwa amekutana na vijana waliokua wakisikiliza muziki wake, kisha wakafungua njia yao wenyewe. Kati yake na Mingus kulikuwa pia na historia: mwaka 1953 Mingus alikaa muda mfupi katika orkestra ya Ellington, akafukuzwa baada ya kugombana na mpiga tromboni Juan Tizol. Hata siku ya kurekodi mambo hayakuwa laini. Katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1973, Ellington anasimulia kwamba Mingus alifungasha besi yake akatoka, naye akamfuata kumbembeleza mpaka akarudi.

Santuri ya kwanza ilikuwa na vibao saba. Kile kilichoipa albamu jina lake kinaanza na besi: Mingus anavuta uzi kwa nguvu, anarudiarudia sauti ileile, anaipinda. Ellington anaingia na piano inayogonga kama ngoma, Roach anasukuma kwa matoazi. Hakuna anayempisha mwenzake. Baadaye, katika Caravan, wimbo wa zamani ambao Ellington aliutunga pamoja na Tizol yuleyule, msikilizaji anasikia tena vyombo vitatu vikisukumana.

Ni Caravan hii iliyoleta hukumu kali inayojulikana zaidi. Mwaka 1964 jarida la DownBeat lilimsikilizisha Miles Davis rekodi kadhaa bila kumtajia wapigaji, kama lilivyozoea kufanya na wanamuziki. Davis aliwasifu Mingus na Roach, kila mmoja kwa chombo chake, na akakubali kwamba wawili hao wanaweza kupiga pamoja. Lakini pamoja na Ellington, alisema, hapana: hawakamilishani. Tukiitafsiri hukumu yake kwa lugha ya isimu, Davis alisikia watu wanaokatana maneno.

Tusimdharau Davis, maana sikio lake halikuwa la kubahatisha. Ila tuangalie kanuni iliyo nyuma ya hukumu hiyo. Mwaka 1974 Sacks, Schegloff na Jefferson walionyesha kwamba katika maongezi kwa sehemu kubwa anasema mtu mmoja kwa wakati, na kwamba sauti zinapopandana, hupandana kwa muda mfupi. Wengi wameligeuza elezo hili kuwa sheria ya adabu: anayepandisha sauti yake juu ya ya mwenzake amekosa heshima. Mwaka 1984 Deborah Tannen alichambua maongezi ya rafiki sita mezani, naye akiwa mmoja wao. Wale wa New York walipandiana sauti kwa kuonyesha kwamba wanafuata na wanapenda habari. Wenzao wasio wa New York waliona wanabanwa. Sauti ni zilezile, lakini desturi za kusikiliza ni mbili.

Je, tutajuaje kwamba watatu hawa hawakushindwa tu kusikilizana? Ushahidi umo ndani ya albamu yenyewe. Katika Fleurette Africaine, Ellington anapiga piano kwa utulivu na kuacha nafasi. Mingus anatetemesha nyuzi kwa upole, Roach anagusa ngoma taratibu. Kila mmoja anangoja. Ellington alieleza kwamba aliwapa wenzake picha ya ua dogo lililoota katikati ya msitu ambamo mtu hajapata kufika. Mkongomani atatabasamu, maana misitu yetu ina watu, vijiji na majina. Lakini kama maagizo kwa wapigaji, picha hiyo ilitosha. Watu wanaoweza kupishana hivi, wanapopandiana katika kibao kingine, wamechagua kupandiana. Yule anayesema "hawawezi" anapaswa kueleza kwanza namna walivyoweza hapa.

Miaka ilivyopita, sikio la wengi limeelekea upande huo. Albamu ilitolewa upya ikiwa na vibao vilivyoachwa mwanzoni, na mwaka 2013, miaka 50 baada ya kutoka kwake, mpiga ngoma Terri Lyne Carrington alitoa albamu nzima ya kuitafsiri upya. Mwaka 2014 ikampa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya jazz ya ala, naye akawa mwanamke wa kwanza kuipata katika kundi hilo. Yale yaliyosikika kama ugomvi yamekuwa somo.

Jambo hili linatuhusu kazini kwetu. Tunapoandika maongezi yaliyorekodiwa barzani, pale mzee anaposimulia na wengine wanatia "ehee", wanamalizia sentensi yake au wanacheka juu ya sauti yake, kishawishi ni kusafisha: sauti moja inabaki, nyingine zinaandikwa "haisikiki" au zinafutwa. Hapo tumeamua, bila kupima, kwamba zile sauti zilikuwa kelele. Kabla ya kufuta, tutafute kwa wasemaji walewale mahali wanapopishana, tulinganishe. Pengine tutagundua kwamba mzee hakukatwa maneno hata mara moja, na kwamba habari aliyoisimulia ilijengwa na watu wanne.