Kero Ndogo za Kompyuta ya Linux: Rekebisha Mwenyewe Kabla ya Kulipa

Mtumiaji anayeishi Fumba na kutegemea kompyuta ya mezani kwa kazi za duka au skuli hupoteza muda na nauli kila anapoibeba kwenda mjini kwa fundi. Kwa mwenye kompyuta ya Linux, safari hiyo mara nyingi haina ulazima, kwani kero nyingi hutokana na mpangilio mmoja uliokaa vibaya. Tena kero yenyewe si hatari kuliko tiba ya haraka ya kufuta kila kitu na kuanza upya, ambayo huondoka na hesabu, picha na nyaraka. Zifuatazo ni kero nne za kawaida na namna ya kuziondoa. Amri zilizotajwa zinahusu Ubuntu na Linux Mint.

1. Saa kukosea kwa saa tatu kamili

Kompyuta yenye Windows na Linux kwa pamoja huweza kuonesha saa saba mchana ilhali ni saa nne asubuhi. Windows huandika saa ya hapa kwetu ndani ya mashine. Linux huichukulia kuwa ni saa ya kimataifa, kisha huiongezea saa tatu za Afrika Mashariki. Jiunge na intaneti, subiri saa ijisahihishe, kisha fungua terminali na uandike:

timedatectl set-local-rtc 1

Ikiwa tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika, betri ndogo ya duara iliyo ndani ya mashine, aina ya CR2032, huenda imekwisha. Tarehe ikikosea, hata tovuti salama hukataa kufunguka. Badilisha betri kwanza. Usikubali haraka kuuziwa kompyuta nyingine.

2. Maneno ya Kiswahili kupigwa mstari mwekundu

LibreOffice hudhani unaandika Kiingereza. Bofya jina la lugha lililo chini ya dirisha, uchague Kiswahili cha Tanzania. Mistari ikibaki, pakua kamusi kwa amri hii:

sudo apt install hunspell-sw

Kiswahili si mgeni katika programu hizi: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maelekezo ya Kiswahili.

3. Bando kumalizika bila kutumika

Unapotumia intaneti ya simu, kompyuta huweza kupakua masasisho bila ya wewe kujua. Katika Ubuntu, fungua mipangilio ya Wi-Fi, ingia katika maelezo ya mtandao wako, na uwashe chaguo linalosema kuwa mtandao huo una kikomo cha data. Hata hivyo, usiyaache kabisa masasisho ya usalama. Tenga siku moja kila wiki uyapakue kwa hiari yako.

4. Faili kuharibika ndani ya flashi

Baada ya kunakili, Linux huweza kuonesha kuwa kazi imekwisha ilhali sehemu ya faili bado imo katika kumbukumbu ya kompyuta. Ukiichomoa flashi wakati huo, faili hufika pungufu. Bofya alama ya kutoa iliyo kando ya jina la flashi, na usichomoe mpaka ujumbe wa ruhusa utokee.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Haki ya kupewa taarifa ni miongoni mwa haki za msingi za mtumiaji. Kabla ya kukabidhi kompyuta, muulize fundi: Tatizo ni nini hasa? Je, kuna kitakachofutwa? Nyaraka zangu zitahifadhiwa wapi? Gharama yote ni kiasi gani? Nakili nyaraka muhimu wewe mwenyewe kwanza, na udai risiti inayotaja kazi iliyofanywa.

Kumbuka pia kwamba Ubuntu na Linux Mint hupatikana bila malipo. Unachomlipa fundi ni ujira wa kazi yake. Ukiona katika risiti fedha za kununulia leseni ya mojawapo ya programu hizo, omba maelezo kabla ya kulipa.