Yangeyange: Tazama Mdomo na Miguu

Bwana mfugaji, bila shaka umewaona ndege weupe wanaofuata ng'ombe katika mbuga za Kitengela, na wengine wanaosimama kimya kando ya bwawa la Kiserian au mto Mbagathi. Wote huitwa yangeyange, na wengi hudhani ni ndege wa namna moja. Sivyo. Ukitaka kuwatambua usiangalie weupe, bali mdomo na miguu.

Yule wa ng'ombe ni mfupi, shingo nene, mdomo mfupi wa manjano. Wakati wa kutaga huota manyoya ya hudhurungi hafifu kichwani, kifuani na mgongoni. Mara nyingi utamkuta pakavu, mbali na maji.

Yangeyange mdogo ana mdomo mweusi mwembamba na miguu myeusi, lakini vidole vyake ni vya manjano, kana kwamba amekanyaga rangi. Hutikisa mguu matopeni ili samaki wadogo watoke mafichoni, nawe ukingoja kidogo utaviona vidole hivyo.

Wasumbufu ni wawili waliobaki, yangeyange mkubwa, ambaye urefu wake ni karibu mita 1, na yangeyange wa kati. Wote wana miguu na vidole vyeusi, na mdomo wa manjano. Hapo tazama mstari wa kinywa: wa mkubwa hupita nyuma ya jicho, wa mwenzake huishia chini ya jicho. Tena mdomo wa mkubwa hugeuka mweusi wakati wa kutaga. Manyoya marefu anayoota mgongoni majira hayo ndiyo yaliyouzwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19 kupamba kofia za mabibi, na ndege wengi mno waliuawa.

Sasa neno la mifugo. Wako wasemao kwamba yangeyange wakiwa wengi malishoni, kupe wamekwisha. Hiyo si kweli. Pengine hudonoa kupe mmoja mmoja, lakini chakula chake hasa ni panzi na nzi wanaoshtuliwa na kwato. Ndigana, ambayo Wamaasai huiita oltikana, huletwa na kupe na huua ndama, kwa hiyo endelea kuogesha ng'ombe kama ulivyoagizwa na bwana mifugo. Ila dawa iliyobaki usiimwage mtoni wala bwawani, maana huua samaki, na ng'ombe wa jirani hunywa maji hayo hayo.