Hazina za Mataifa Katika Mchezo wa Watoto

Mwezi wa Machi, 2020, kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo wa video uitwao Animal Crossing: New Horizons. Hadi mwisho wa mwaka 2022 nakala zaidi ya milioni 40 zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Mchezo huu unahusu maisha ya kisiwani, na ndani yake watoto hukusanya kazi za sanaa za mataifa. Sisi watu wa visiwani tunayo haki ya kuupima.

Mchezaji hukipatia kisiwa chake jumba la makumbusho, ambalo mtunzaji wake ni bundi. Mbweha mmoja mchuuzi, Redd, hutia nanga akiuza kazi za sanaa. Kwa jumla zipo aina 43, yaani picha 30 na sanamu 13, na kila moja imefuatisha kazi iliyopo duniani. Lakini mbweha huchanganya za asili na za bandia. Mona Lisa wa bandia ana nyusi zilizopandishwa. Jiwe la Rosetta la bandia ni la buluu. Bundi hukataa kila kilicho bandia. Basi mtoto hulazimika kutazama, kulinganisha na kupambanua. Hilo ni somo jema, na tunalisifu.

Hata hivyo, katika kazi hizo 43, zilizotoka Afrika ni mbili tu, nazo zote ni za Misri: jiwe la Rosetta na kichwa cha Malkia Nefertiti. Jiwe hilo liligunduliwa na askari wa Ufaransa mwaka 1799, likatwaliwa na Waingereza, na tangu 1802 limo katika makumbusho ya London. Kichwa cha Nefertiti kilifukuliwa na Wajerumani mwaka 1912, nacho kimo Berlin, ingawa Misri imekwisha kukidai mara nyingi.

Bundi, anapopokea kitu, hupima jambo moja tu: ni cha asili au cha bandia? Swali la pili, kwamba kimeondokaje kwa wenyewe, halimo katika mizani yake. Na kwa Mwafrika swali hilo ndilo zito, kwa sababu kitu chaweza kuwa cha asili kabisa na bado kikawa mikononi mwa asiye mwenyewe.

Hatusemi watoto wanyang'anywe mchezo. Tunawataka walimu, pamoja na viongozi wanaohusika na elimu na mambo ya kale, wawafunze kuuliza maswali yote mawili. Wawatoe darasani, wawapeleke Mji Mkongwe wakatazame milango ya nakshi kwa jicho lile lile wanalomkagulia mbweha. Mtoto anayezijua nyusi za Mona Lisa na asiujue mlango wa babu yake, atautambuaje siku utakapochukuliwa? Mwacha asili ni mtumwa.