Kuponi ya bure inayotaka utoe wewe kwanza

Idd ikikaribia, au wiki ya kufungua shule, baruapepe za aina hii huwa hazikosekani: "Hongera! Umechaguliwa kupokea kuponi ya shilingi 10,000. Bonyeza hapa kabla ya saa sita usiku." Nembo ya supamaketi ipo, rangi zake zipo, na picha ya kikapu kilichojaa mchele na mafuta ya kupikia ipo pia. Anayezituma anajua vyema ni wakati gani mzazi wa Likoni au Kisauni anahesabu sarafu.

Ujanja huu unatupata kwa sababu ambayo haisemwi sana: wengi wetu hatujawahi kutumia kuponi ya kweli. Desturi hiyo ilikulia Marekani, ambako mwishoni mwa miaka ya 1880 Coca-Cola iligawa vikaratasi vya kumpa mtu glasi moja bila malipo. Kampuni ilipoteza glasi ikapata mteja. Sisi huku tumezoea bei kupunguzwa pale pale kwenye rafu, au pointi za kadi ya duka. Baruapepe ikitaja kuponi, hatuna ya kweli ya kuilinganisha nayo.

Basi ielewe hivi. Kuponi halali hupunguza bei ya kitu unachonunua, na kazi yake huonekana wakati wa kulipa. Haina ada ya kuifungua, wala haihitaji PIN yako. Ile bandia hupindua mambo: wewe ndiwe unayetoa kwanza, zawadi itakuja baadaye.

Ukibonyeza unaulizwa maswali matatu au manne mepesi, kama umri wako na duka unalopenda. Jibu lolote, utashinda tu. Halafu unaonyeshwa masanduku uchague moja. La kwanza tupu, la pili lina zawadi, na hapo moyo umeshaanza kupanga manunuzi. Ndipo masharti yanapotokea: peleka linki hii kwa marafiki 20 wa WhatsApp, jaza jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho, kisha lipa shilingi 150 za kushughulikia.

Tapeli anafaidika hata usipolipa. Kubonyeza tu kunaweza kumjulisha kwamba anwani yako ina mtu anayeisoma. Kuisambaza kunampa jina lako zuri, kitu ambacho hawezi kukinunua popote: shangazi yako hataamini barua ya mgeni, lakini ikitoka kwako ataifungua. Na akishakuwa na namba yako ya simu pamoja na ya kitambulisho, kesho anaweza kukupigia akijifanya mtu wa benki, akikutajia habari zako mwenyewe mpaka ulegee.

Zile shilingi 150 nazo zina hila yake. Mwenye namba ya kupokea malipo ya M-Pesa anaweza kufanya kisanduku cha malipo kitokee kwenye simu yako, kikikuomba PIN. Kisanduku chenyewe ni cha kweli, na hapo ndipo watu wanapokwama. Kisome: kinataja kiasi na jina la anayelipwa. Kupokea pesa kwa M-Pesa hakuhitaji uandike PIN. Ukiiandika kwenye kisanduku hicho, umelipa. Wanaotaka kadi ya benki ni hatari zaidi, maana wakishapata namba ya kadi na zile tarakimu tatu za nyuma, wanaweza kurudi kukata tena na tena.

Zamani tuliambiwa tutafute makosa ya lugha. Ushauri huo umechakaa, kwa kuwa siku hizi kompyuta humwandikia tapeli Kiswahili safi. Tazama anwani badala yake. Jina la mtumaji linaweza kuandikwa chochote, kwa hivyo liguse uone anwani kamili iliyo nyuma yake. Linki usiibonyeze, ishikilie kwa kidole mpaka anwani yake ionekane, kisha soma maneno yaliyo mwisho kabisa kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata https://. Ukikuta jinaladuka.co.ke.mahalipengine.com/kuponi, mwenyewe ni mahalipengine.com. Lile jina la duka mbele ni pambo. Alama ya kufuli nayo haisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu, inasema tu kwamba mawasiliano yenu yamefichwa wengine wasiyaone.

Ukibaki na shaka, liulize duka lenyewe, kwenye kaunta au kwa namba unayoijua. Usitumie namba iliyo ndani ya barua hiyo.

Je, kama umeshajaza? Pesa zikiwa zimetoka kwa M-Pesa, piga 234 mara moja, kwani zikishatolewa kuzirudisha ni kazi kubwa. Kama ni kadi, pigia benki waifunge. Kama uliandika nywila ya baruapepe, ibadilishe kabla ya nyingine zote, maana mwenye kuingia kwenye baruapepe yako anaweza kuomba nywila mpya za akaunti zako zilizobaki. Namba za simu za matapeli Safaricom huzipokea bila malipo kwa 333. Barua yenyewe usiifute: wizi wa namna hii ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandao ya mwaka 2018, na ukienda polisi hiyo ndiyo ushahidi wako. Aibu isikuzuie, hata wenye digrii wananaswa.

Na kama uliisambaza kwenye kundi la familia, rudi uandike hapo hapo kwamba ni ya uongo, kabla shangazi hajafika kwenye swali la tatu.