Mgongo Ukivunjika, Maisha Hayajaisha

Tuseme mkwezi ameanguka kutoka juu ya mnazi. Macho yanaona, mdomo unasema, lakini analalamika: "Miguu yangu siisikii." Watu wanamkimbilia. Mmoja anashika mabega, mwingine miguu, wanataka kumbeba juujuu. Jamani, ngojeni kwanza!

Ndani ya pingili za mgongo imepita kamba laini ya mishipa ya fahamu. Kamba hii hupeleka amri za ubongo mwilini, na hurudisha habari za maumivu, joto na baridi. Pingili ikivunjika inaweza kuibana kamba hiyo au kuikata. Mkimkunja majeruhi mnaweza kumharibu zaidi. Kwa hiyo mlazeni juu ya ubao au mlango. Watu wanne au watano wamwinue kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka. Kisha mpelekeni hospitali.

Huko daktari humpima. Humgusa kwa pamba na kumchoma kidogo kwa pini, kutoka juu kwenda chini, aone kusikia kunakoma wapi. Humwambia akunje mkono, anyooshe goti, asogeze kidole gumba cha mguu. Hupima hata njia ya haja kubwa. Msione haya. Mgonjwa akisikia hapo, ina maana kamba haikukatika yote, na matumaini ya kupata nafuu ni makubwa zaidi.

Lakini je, yule ambaye miguu haitarudi, ndiyo basi tena? Hapana.

Zamani watu walidhani hivyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wengi waliovunjika mgongo walikufa upesi. Kilichowaua hasa ni vidonda vya kulala na maradhi ya mkojo. Mwaka 1944 Dokta Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani, alifungua wadi ya wagonjwa hao huko Stoke Mandeville, Uingereza. Aliagiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Aliwafundisha kazi na michezo. Mwaka 1948 watu 16 walishindana kupiga mishale wakiwa katika viti vya magurudumu. Hapo ndipo ilipoanzia michezo ya Paralimpiki.

Sasa mgonjwa akirudi nyumbani, tufanye nini?

1. Akiwa kitandani, mgeuzeni kila baada ya saa mbili. Gawaneni zamu, asiachiwe mke au mama peke yake.

2. Kila siku tazameni ngozi ya matako, nyonga na visigino. Mkiona wekundu au weusi usioondoka, asilalie wala kukalia sehemu hiyo. Kidonda huanza hapo, na yeye hasikii maumivu.

3. Msimwekee chupa ya maji ya moto wala kumkalisha karibu na jiko. Ataungua bila kujua.

4. Mkojo usijae kibofuni. Muuguzi awafundishe kuutoa kwa mpira safi, kwa saa maalum. Akipata homa, au mkojo ukinuka na kubadilika rangi, mpelekeni zahanati.

5. Mnyoosheni viungo kila siku polepole, visikakamae.

6. Akianza kukaa kwenye kiti, ajiinue kwa mikono mara kwa mara ili matako yapumzike.

Wako wanaosema mtu huyu amerogwa, wakamficha chumba cha nyuma. Humo ndimo vidonda humla. Mtoeni nje. Mwenye mikono mizima anaweza kushona nguo, kusuka mikeka, kufuga kuku, kuuza duka. Wazee walisema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Maswali ya kujadili kikundini:
Je, kijijini kwetu tuna ubao wa kubebea majeruhi?
Yuko nani aliyefichwa ndani, na nani atakwenda kumtazama kesho?